Mdudu wa Mama na Lensi za Binti Yake

Mama alipoanza kuona wadudu ambao sisi wanawe hatuwaoni, tulimhurumia. Ndivyo tulivyo siku hizi. Mzazi akisema ameona kitu, hatumwulizi kiko wapi. Tunaanzisha kundi kwenye simu. Kaka yangu mkubwa alilianzisha usiku uleule na kulipa jina la "Afya ya Mama". Mama mwenyewe hakuwekwa humo, kwa sababu simu yake ni ya vitufe, na kwa sababu angetujibu.

Anaishi Ntalikwa, kijiji kilicho nje kidogo ya mji, kwenye shamba alilotuachia baba, na nyuma ya nyumba ana mizinga miwili ya mbao iliyokaa juu ya vigingi. Baba alikuwa akining'iniza mizinga yake ya magome juu ya miti huko porini. Alipofariki, mama alisema yeye hapandi mti wa mtu yeyote, akaagiza mizinga ya masanduku na kuwahamishia nyuki mlangoni kwake. Anaongea nao asubuhi kama watu wanavyoongea na kuku.

Mwaka jana mvua zilipokuwa zimekolea, aliniambia kwamba baadhi ya nyuki wake wanatoka mzingani wanatambaa chini, hawawezi kuruka, na mgongoni mwao kuna mdudu. Akasema ni mdogo kama punje ya ulezi, mwekundu kama ulezi wenyewe, na anatembea. Akamwokota nyuki mmoja kwa mabawa, akamweka kiganjani, akavua miwani yake na kunisogezea mkono. "Huyo hapo mgongoni. Umemwona?"

Nilimwona nyuki. Na hata huyo nyuki nilimwona kwa ukungu, nikalisingizia jua. Nikasema, "Ndiyo mama, nimemwona."

Naomba msomaji aishike sentensi hiyo, maana ndiyo iliyotuponza. Mama alifurahi, akamwambia kaka kwamba hata mimi nimemwona. Kaka akanipigia simu, akaniuliza kama ni kweli. Nikiwa mbali na kile kiganja, kati ya watu wangu wa mjini wenye akili timamu, nikamwambia hapana, sikuona kitu, nilikubali tu ili nisimvunje moyo mzee. Kaka akashusha pumzi. Akasema sasa hali imekuwa mbaya, kwamba mama ameanza kutuhusisha na sisi katika mambo anayoyaona.

Ushahidi mwingine alikuwa nao tayari. Mama haoni mbali, na hajawahi kuona mbali tangu usichana wake. Kanisani humtambua mchungaji kwa sauti. Siku moja alisikia mtu kasema shikamoo, na yeye akaitikia marahaba huku akimwangalia kwa upendo ndama aliyefungwa kando ya njia. Kaka aliiweka habari ya ndama kwenye kundi, na ndugu wote wakaandika pole. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwanamke huyohuyo hutunga uzi kwenye sindano bila kukonyeza jicho, na kwamba katika mchele wake hatujawahi kutafuna jiwe.

Mpango wa kaka ulikuwa mzuri, kama mipango yote ambayo mwenyewe hajaulizwa. Mama angehamia kwake mjini, apewe chumba chenye vigae na feni, apumzike. Shamba lingeangaliwa. Lingeangaliwaje, hakusema, lakini mji unasogea Ntalikwa kila mwaka, na siku moja mama alikuta wanaume wawili nyuma ya mizinga wana kamba ya kupimia. Walimwamkia vizuri sana. Alipowauliza wanapima nini, walisema wanaangalia tu. Mama akaniambia kwamba nyumba hii ataitoka akiwa amebebwa, na kwamba nikamwambie kaka yangu hivyo, kwa heshima. Kikao cha familia kikapangwa baada ya kurina asali.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio mjini, mtaa wa Ng'ambo, chumba kimoja chenye pazia la bluu na pazia jeupe, na kazi yangu ni nyuso: pasipoti, kipaimara, mahafali, maharusi waliochoka. Dhamiri ilikuwa inanisuta, nikaona njia ya kuinyamazisha bila kukiri kosa. Kama mdudu yupo, nitampiga picha. Kama hayupo, picha itasema. Niliona ni uamuzi wa haki na wa kitaalamu. Kilichobaki kilikuwa kuchagua vifaa.

Sasa, mtu aliyezoea nyuso hajui taabu ya vitu vidogo. Lensi yangu ya harusi ukiisogeza karibu na nyuki inagoma, inasaga meno, picha inakuwa uji. Ili mdudu wa milimita moja na nusu aonekane ana miguu, ni lazima lensi imtupe ndani ya kamera akiwa na ukubwa wake ule ule au zaidi, mara mbili ikiwezekana. Njia za kufika huko ni tatu. Unanunua lensi ya makro, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Au unachukua lensi uliyonayo na kuweka pete tupu kati yake na kamera ili ikae mbali na kamera na isogee karibu na mdudu. Au unaigeuza lensi nyuma mbele kwa pete maalumu, na ile iliyokuwa ikitazama mlima inaanza kutazama chawa.

Nililelewa Kimoravian katika mji wenye Wakatoliki na Waislamu, kwa hiyo mabishano ya dini nayajua. Lakini sijawahi kukutana na waumini kama wapiga picha wa vitu vidogo huko mtandaoni. Wa pete tupu wanawaona wa makro kuwa watu wa anasa. Wa makro wanawaona wa kugeuza lensi kuwa mafundi baiskeli. Na wa kugeuza lensi hawamjibu mtu, wanaweka tu picha ya jicho la nzi lenye vyumba vyake vyote, na wewe unakosa usingizi.

Nilimweleza habari hizi jirani yangu, fundi saa, ambaye meza yake iko barazani mwa studio yangu. Yeye ni Mgogo, mimi ni Mnyamwezi, na hivyo ni watani tangu kabla hatujazaliwa. Babu zangu walipita kwao na mizigo kwenda pwani na kurudi, na babu zake walikaa kwenye visima vyao na kuutoza hongo kila msafara uliotaka kupita. Mambo yale yaliumiza wakati wake. Yaliyobaki ni matusi matamu. Akinikuta nakula anachukua kipande kikubwa. Nikimkuta amelala mezani nawaambia wateja kwamba fundi amefariki, waje wachukue saa zao.

Fundi alinisikiliza huku kioo chake cha kukuzia, kile kidogo cheusi cha mafundi saa, kikiwa kimemganda jichoni. Halafu akanipa gurudumu la saa na kunitaka nisome namba iliyochongwa pembeni. Nililisogeza mbali, nikalisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

"Mtani," akasema, "wewe huhitaji lensi. Unahitaji miwani ya kusomea. Umezeeka."

Nilicheka sana. Nikamwambia Mgogo akikosa ng'ombe wa kuiba anaiba umri wa watu. Ndivyo sheria yetu ilivyo: neno la mtani halichukizi, na kwa kuwa halichukizi, halichukuliwi. Alilirudia neno lile mara tatu katika miezi iliyofuata, na kila mara nilimpa jibu bora kuliko la mwanzo. Nilikuwa nimevuka miaka hamsini. Simu nilikuwa naisoma kwa urefu wa mkono, uzi wa sindano nilikuwa nawapa wateja wanitungie huku wakisubiri picha, na kamera, Mungu aibariki, ina kigurudumu kando ya tundu la kuchungulia ambacho unakizungusha mpaka uone vizuri. Nilikuwa nimekizungusha mpaka mwisho, na sikujiuliza kwa nini.

Nilianza na pete tupu, kwa sababu ya unyenyekevu. Zilikuja na basi kutoka Dar, zimefungwa vizuri kama sadaka. Ntalikwa nikagundua kwamba pete zinakuleta karibu kuliko unavyopenda: ili nyuki aonekane sawasawa, lensi lazima imkaribie mpaka kivuli chake kimfunike, na mbele ya mzinga wenye nyuki wa kwetu, ambao hawajui utani, hapo si mahali pa kutegesha pua. Nilirudi mjini na jicho moja limefumba. Fundi aliniuliza kama hiyo ndiyo lensi mpya.

Kisha nikanunua pete ya kugeuzia lensi. Ya kwanza haikuingia. Ya pili iliingia, lakini lensi iliyogeuzwa haisemezani na kamera, kwa hiyo kila kitu unafanya mwenyewe kwa kubahatisha, na mama akiwa ameshika nyuki kwa subira unamwambia "bado kidogo" mpaka nyuki anakata tamaa ya kuishi.

Hapo nikaongoka, nikajiunga na watu wa makro. Lakini hata humo kuna fupi na ndefu. Fupi ni nyepesi ila inataka umkaribie mdudu; ndefu inakuacha umbali wa heshima ila ni nzito na inatikisika kwa pumzi. Nililipima jambo hilo kwa wiki sita. Nilisoma, nikatazama video, nikaandika daftari, nikamwuliza mtu wa Ujerumani ambaye hanijui, naye akanijibu kwa aya nne. Katika wiki hizo sita mzinga mmoja wa mama ulihama. Asubuhi moja nyuki walitoka wote, wakaning'inia kidogo kwenye mti wa jirani, wakaondoka. Mama alinipigia simu kunieleza. Nilimwambia pole, na kwamba nimekaribia kuamua.

Nilinunua ndefu. Na ukishakuwa na ndefu, unagundua kwamba katika ukuzaji ule sehemu inayoonekana vizuri ni nyembamba kuliko karatasi: mguu wa nyuki ukionekana, mgongo umeshaingia ukungu. Kwa hiyo inatakiwa stendi ya miguu mitatu. Stendi haisogei kwa unywele, kwa hiyo inatakiwa reli ndogo ya kuisogeza kamera kwa skrubu. Mwanga hautoshi, kwa hiyo inatakiwa flashi. Flashi inamng'arisha mdudu kama sahani ya bati, kwa hiyo nikakata dumu jeupe la mafuta ya kupikia na kutengeneza kinga ya kuulainisha mwanga. Kinga hiyo ilikuwa kifaa pekee kilichofanya kazi siku ya kwanza. Nayo ilinuka alizeti.

Siku niliyotoka studio na mzigo huo wote mgongoni, begani na mkononi, fundi saa alisimama, akavua kofia. Akawaambia wapita njia kwamba waje waone, Mnyamwezi amepata mzigo tena. Akaniuliza pembe za ndovu nimezificha wapi na msafara unaanza lini. Watu wa Ng'ambo walicheka, na mimi nikacheka, maana alikuwa na haki yake. Lakini njiani nilihesabu kamba zilizokuwa zikinikata mabega, nikakumbuka kwamba ninakwenda kupiga picha mnyama mwenye ukubwa wa punje ya ulezi.

Nilikwenda Ntalikwa karibu kila Jumamosi. Mama alishanizoea. Alikuwa akiniwekea kigoda, anaokota nyuki anayetambaa chini, anavua miwani na kumshika, na mimi naanza kufunga na kufungua. Aliniuliza mara nyingi, "Umemwona?" Nami nilimjibu kwamba kimebaki kifaa kimoja tu. Tulikunywa chai nyingi. Alinisimulia mambo ya ujana wa baba ambayo sikuwahi kuyasikia, na mimi niliyasikiliza nusu, kwa sababu nilikuwa natafuta skrubu.

Picha ilipatikana Juni, asubuhi ya baridi, nyuki wakiwa wamepoa. Mama alimshika mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilizungusha reli, nikabonyeza, nikazungusha, nikabonyeza. Nilipoitazama picha ya saba kwenye kioo cha kamera na kuipanua, niliona mgongo wa nyuki wenye manyoya, na juu yake kitu cha duara, chekundu, kimelala kama kifuniko cha sufuria, na pembeni yake miguu.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilichosikia kwanza kilikuwa aibu. Mdudu alikuwepo. Alikuwepo siku zote, mahali palepale mama aliponionyesha. Mama aliuliza kulikoni. Nikamwambia picha imetoka vizuri, atulie, atayaona mambo siku ya kikao.

Hapo ndipo kiburi kilipochukua zamu. Badala ya kumwonyesha mama, na kumpigia kaka simu na kusema nilidanganya, niliichapa ile picha. Niliichapa kwa ukubwa wa picha ya harusi ya sebuleni, nikaiwekea fremu ya dhahabu iliyobaki kwa bibi harusi mmoja aliyeghairi, nikaifunika kitambaa. Nilitaka kuingia nayo kikaoni kama wakili anayeingia na shahidi asiyetarajiwa.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama, Jumapili baada ya ibada. Kaka alikuwepo na karatasi zake. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mwenyekiti, na ndugu wengine walijaza viti. Fundi saa alijialika mwenyewe, kwa kisingizio kwamba fremu ni nzito na kwamba leo na yeye anataka kuonja upagazi. Kwa mtani hakuna mlango uliofungwa. Alimwamkia mama kwa kumwita mke wangu, kama anavyofanya siku zote, na mama akamwambia aende akaoge kwanza.

Kaka alizungumza kwa upole. Alisema mayu, mama yetu, amefanya kazi ya kutosha, sasa ni zamu yetu, na kwamba mambo haya ya kuona wadudu yanatutia hofu. Mama alikuwa ameweka mikono mapajani, anatazama upande ambao sauti inatoka. Sijawahi kumwona mdogo namna ile kwenye kiti chake mwenyewe. Nikasimama na kuvuta kitambaa.

Mdudu alijaa fremu nzima, mwekundu, amevimba, manyoya kama ya nguruwe pori, miguu imejikunja.

Mjomba ndiye aliyeanza. Aliuliza huyu ni kaa wa ziwa gani. Nikasema si kaa, ndiye mdudu wa mama, anaishi humu nyuma ya nyumba. Mjomba akasogeza kiti chake mbali na dirisha. Akasema kama kitu kama hicho kinaishi hapa, basi yeye kama mwenyekiti haoni haja ya kikao, dada yake asilale hapa hata usiku wa leo. Ndugu wakaitikia. Kaka aliandika kitu kwenye karatasi yake, na nilimwona anajizuia kutabasamu.

Nilianza kueleza. Nikazungumza habari za ukuzaji, za pete, za lensi ndefu na fupi. Kaka aliniuliza kwa utaratibu kama huo ndio ukubwa wake. Nikasema hapana. Akauliza kama basi kuna mtu yeyote hapa amewahi kumwona katika ukubwa wake. Nikainama kukunja kitambaa, kwa sababu jibu langu lilikuwa linajulikana kwenye kundi.

Wakamgeukia mama. Mama alivua miwani, akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akaipitia polepole kutoka kona hadi kona, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akarudi nyuma.

"Huyu simjui," akasema. "Wangu ni mdogo."

Ningeweza kulia. Miezi yote ile, lensi zile zote, na shahidi wangu ameruka kesi. Nilikuwa nimemkuza mdudu mpaka mtu pekee aliyemfahamu akashindwa kumtambua, na sikuwa nimeweka hata punje moja ya ulezi kando yake ili watu walinganishe.

Fundi saa aliinuka. Alikwenda mlangoni, akaketi sakafuni katikati ya kizingiti na kunyoosha miguu mpaka upande wa pili.

"Wanyamwezi," akasema, "hapa mmefika Ugogo. Msafara haupiti bila hongo."

Watu wakacheka, kwa sababu ni lazima kucheka. Hata mjomba alicheka. Kaka, kwa kutaka yaishe, akaingiza mkono mfukoni.

"Weka hela yako," fundi akasema. "Nataka jicho. Kila anayetaka kumtoa mke wangu humu ndani, atazame kwanza."

Akatoa kile kioo chake cheusi. Akamwomba mama alete nyuki. Mama alimruka miguu, akatoka, na hata chai haikupoa akarudi na nyuki mmoja dhaifu juu ya kisosi cheupe. Kaka alitutazama sote, akitafuta mtu wa kumwokoa. Lakini ukimkatalia mtani hongo yake mbele ya watu, unakuwa wewe ndiye uliyekosa adabu, na hadithi hiyo itakufuata mpaka msibani kwako. Akachukua kioo. Kilimdondoka mara ya kwanza, kikamdondoka mara ya pili. Mara ya tatu fundi akakishikilia mwenyewe na kumwinamisha kichwa kwa mkono mwingine, kama kinyozi.

Kaka alikaa ameinama hivyo kwa muda. Alipozungumza sauti yake haikuwa ya kikao.

"Anatembea," akasema.

"Nimesema tangu mwanzo kwamba anatembea," mama akamjibu.

Mjomba alitazama. Ndugu wengine walipanga mstari. Kila mmoja alitazama picha kubwa ya fremu, akatazama kisosi, akarudi kwenye picha, na sasa wakaanza kunisifu, kwamba kumbe ni yeye kabisa, hata miguu. Fundi hakuwa ameondoa miguu yake mlangoni. Akamwita kaka mwanangu, kama inavyompasa mume wa mama, akamwambia kwamba kwa kuwa leo macho yake yamefunguka, anaweza pia kuwaambia ndugu zake kama wale wanaume wawili wenye kamba nyuma ya mizinga walikuwa wanampimia nyuki shati au suruali.

Watu walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika mguu. Kaka alicheka mwisho kuliko wote, lakini alicheka. Asingecheka ingebidi ajibu. Karatasi zake alizikunja na kuzikalia, na habari ya chumba chenye vigae haijatajwa tena mpaka leo. Kabla ya jua kuzama alikuwa nyuma ya nyumba, anamwuliza mama mzinga uliobaki unatibiwaje. Wiki hiyohiyo alimleta afisa nyuki kwa gari lake mwenyewe.

Jioni ile ya kikao mimi na mama tulibaki jikoni tunaosha vikombe. Nilikuwa nataka kusifiwa, nakiri. Niliona kwamba, ukiacha kasoro ndogo ya ukubwa, picha yangu ilikuwa imesaidia.

Mama aliniuliza, bila kuinua kichwa, "Wewe ulimwona lini?"

Nilifikiri kudanganya, nikachoka. "Juni, mama. Kwenye kamera."

Akasuuza kikombe kimoja, akasuuza cha pili.

"Kaka yako hakumwona, akasema hakumwona," akasema. "Wewe hukumwona, ukasema umemwona. Halafu ukamwambia mwenzako hukumwona, ameniambia mwenyewe."

"Ulijua?"

"Siku ileile. Ulikuwa unatazama kidole changu."

Iliniuma kuliko nyuki yeyote wa mwaka ule. Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alinishikia nyuki Jumamosi zote zile, akaumwa vidole, huku mimi nafunga na kufungua skrubu.

"Si ulikuwa unakuja," akasema, akanipa kikombe nikifute.

Kesho yake asubuhi nilimwambia fundi saa kwamba nataka miwani. Nilimngoja anitukane. Hakunitukana, aliniuliza tu kama nataka anisindikize, tukaenda pamoja hospitali ya Kitete, nikapimwa macho na mtu aliyenionea huruma, na hata siku mbili hazikupita nikawa nayo usoni, nyepesi, ya kawaida. Niliposoma namba kwenye gurudumu lile la saa, fundi alinyoosha mkono akadai hongo, na mchana ule alikula chakula changu chote.

Jumamosi nilikwenda Ntalikwa mikono mitupu. Mama alisikia hatua zangu, akauliza mizigo iko wapi. Nikasema sikuja na mzigo. Tukaenda nyuma ya nyumba. Nyuki wanaotambaa walikuwa wamepungua sana, ikabidi atafute kidogo kwenye majani ya chini ya mzinga mpaka akampata mmoja. Akamweka kiganjani, akavua miwani yake, na mimi nikavaa yangu.

"Umemwona?" akaniuliza.

Sikumjibu haraka. Nilisogea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye khanga yake. Niliona mistari ya kiganja, niliona makovu madogo ya miiba ya nyuki, niliona manyoya mgongoni mwa nyuki, na katikati ya manyoya hayo punje moja nyekundu, inatembea. Alikuwa mdogo, kama alivyosema.